Kijiko cha Saa Sita Mchana

Asubuhi hiyo Luzviminda Abrenica aliendesha gari kwa masikio. Aliteremsha kioo, akazima redio, akaenda taratibu akisikiliza kama kuna gari jingine mbele yake, kwa sababu ukungu wa Januari ulikuwa umeshameza bonde zima: mashamba ya milozi, mfereji, na kile kibao cha barabarani kinachosema hospitali ipo maili mbili mbele. Ukungu wetu wa California ya kati hukaa hata wiki nzima. Tumeuzoea, na bado kila mwaka unatufanya tutembee kama watu wanaoota wakiwa wamesimama.

Hospitali ilimtokea ghafla, taa zake zikielea bila kuta. Minda, ndivyo kila mtu alivyomwita, alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameitumia ndani ya jengo hilo. Alikuwa kiongozi wa zamu wodi ya ghorofa ya pili. Ilibaki miezi saba astaafu. Mfukoni mwa sare yake alibeba kalamu mbili, mkasi wa bandeji, na kijiko cha chuma cha kulia wali.

Kijiko hicho alipewa na Perlita Dumlao, muuguzi aliyempokea siku alipofika kutoka Pangasinan, Ufilipino, na sanduku moja na koti ambalo halikujua baridi ni nini. Perlita ndiye aliyemfundisha kazi, akamfundisha na kuendesha gari. Mwishoni mwa miaka ya tisini, wauguzi walipopanda mabasi kwenda Sacramento kudai sheria, Perlita alisimama nje ya bunge la jimbo akainua kijiko hicho juu, akasema amekibeba mfukoni miaka ishirini na hajawahi kukitumia saa sita mchana. Sheria ikapita. Katika wodi kama ya Minda, muuguzi mmoja hatakuwa na wagonjwa zaidi ya watano, saa zote, hata pale mwenzake anapokwenda kula. Siku aliyostaafu, Perlita alimkabidhi Minda kile kijiko. Alimwambia akitumie, na akitumie saa sita mchana.

Minda alikitumia kupondea vidonge.

Rommel Catacutan alikuwa anamsubiri mlangoni mwa wodi. Huyu ni muuguzi wa miaka arobaini, mwili mkubwa, mdomo usiojua likizo.

"Ate Minda, usivue koti kwanza."

Ate ni dada mkubwa. Wafilipino wa hospitali ile humwita hivyo kila mwanamke aliyewatangulia, awe ndugu, asiwe ndugu.

"Kuna nini? Umeua tena mashine ya kahawa?"

"Ningeua mashine ningekuwa nimeshavuka mpaka wa Mexico. Ate Perlita yuko chini, dharura. Wamemleta alfajiri. Mapafu yamejaa maji."

Moyo wa Minda ulishuka chini kabla ya lifti.

"Mbona hajaletwa juu?"

"Juu wapi? Tuko sita, wagonjwa thelathini. Tumejaa pomoni."

"Ahamishiwe hospitali ya Fresno."

"Kwa ukungu huu? Helikopta haioni hata pua yake. Magari ya wagonjwa yanatembea kwa mwendo wa bibi harusi."

Chini, kwenye korido ya dharura, vitanda vya magurudumu vilikuwa vimepangwa ukutani, na ukungu ulikuwa umeingia kila mlango ulipofunguliwa, ukalala sakafuni. Perlita alikuwa wa tano kutoka mwisho. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na amesinyaa, mirija ya oksijeni puani, na juu ya yote hayo amepaka rangi ya midomo. Muuguzi wa dharura alimnong'oneza Minda kwamba mama huyu anahitaji mtu wa kumwangalia karibu, maji yanaweza kumzidi wakati wowote, na wao pale wanampitia wanapoweza. Minda alijua maana ya wanapoweza. Mtu huzama koridoni, pembeni ya watu wanaopita mbio.

"Umekula?" aliuliza Perlita, kabla ya salamu, kwa kuwa hiyo ndiyo salamu yenyewe.

"Nimekula, Ate."

Hakuwa amekula. Kwao Pangasinan, mtu akikuuliza kama umekula, jibu ni moja. Ukisema hujala, mwenyeji atalazimika kuinuka na kufunua chungu, na huenda chungu ni kitupu, na aibu itakuwa yenu nyote wawili. Kwa hiyo unasema umekula. Tumbo linanguruma, mwenyeji analisikia, naye anajua unajua amelisikia, na mambo yanakwenda.

"Nimewekwa foleni," Perlita alisema. "Kama ninangoja leseni ya gari."

"Nakupandisha juu sasa hivi. Rommel atakuchukua."

"Rommel ana wangapi?"

Minda akajifanya anatazama mashine ya oksijeni.

"Nakuuliza, mwanangu. Ana wangapi?"

"Watano."

"Basi mimi si wa Rommel." Akavuta hewa, kila sentensi ilimgharimu. "Wala wa mwingine yeyote mwenye watano."

"Ate, ni mtu mmoja tu. Ni wewe."

"Yule wa chumba namba tisa naye alikuwa mtu mmoja tu."

Minda alikijua kisa hicho. Kabla ya sheria, mchana mmoja wa mwaka wa tisini na tano, Perlita alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja. Mvunaji wa zabibu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alibonyeza kengele mara nne huku Perlita akibadilisha bandeji ya kidonda cha mtu vyumba viwili mbele. Perlita alipofika, mkono wa yule mtu ulikuwa bado juu ya kengele. Hakuwahi kukisimulia kisa hicho bila kuinua vidole vinne, na hata sasa aliviinua.

"Sikwenda Sacramento na kijiko ili nije kuwa wa sita," alisema. Kisha akafumba macho, na Minda akabaki ameshika ukingo wa kitanda.

Alipanda ngazi, hakungoja lifti. Mwisho wa wodi yake kulikuwa na mlango wa mabawa mawili, na nyuma ya mlango huo vitanda kumi vilivyofungwa miaka mitatu sasa. Zamani wodi ilikuwa na muuguzi wa kupokezana, Teofista, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha waliopewa usingizi. Kazi yake ilikuwa kushika wagonjwa wa mwenzake wakati mwenzake anakula, akimaliza mmoja anakwenda kwa mwingine, mpaka zamu iishe. Siku moja ofisi ikaifuta nafasi yake. Teofista akahamia Reno. Kupokezana kukamwangukia Minda, ambaye tayari alikuwa na simu, madaktari, ndugu wa wagonjwa na dripu zilizoziba. Watu wakaanza kula wamesimama. Wawili wakachoka kula wamesimama, wakafuata hospitali za pwani. Wawili mara watano ni kumi. Vitanda kumi vikafungwa. Wodini walisema ofisi ina roho mbaya, ofisini walisema sheria inawanyonga, na Minda alitikisa kichwa akiwa upande wa wodini.

Alimpigia simu mhasibu mkuu, Vartan Keledjian, naye akapanda mwenyewe na faili kwapani. Si mtu mbaya, na nalisema hilo mapema kwa sababu tunapenda sana kumfanya mhasibu shetani. Baba yake alilima zabibu, na kila Septemba Keledjian huwaletea wauguzi zabibu kavu katika mifuko ya karatasi, akiwa ameandika jina la kila mmoja kwa mkono.

"Nahitaji kitanda kimoja cha upande ule," Minda alisema, "na nesi mmoja wa kuitwa leo."

"Nesi wa kukodi ananila mara mbili ya wako, Minda. Na leo hatafika, tazama nje." Nje hapakuwa na nje. "Halafu nikwambie ukweli. Wiki ijayo bodi inakaa. Upande ule tunawakodishia watu wa kusafisha figo. Wao wanalipa, kitanda kitupu hakilipi. Bila nesi hakuna kitanda, ndivyo sheria inavyosema, na manesi wamekwisha."

"Hawakuisha. Mliwamaliza. Mlianza na Teofista."

Keledjian alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na rafiki.

"Teofista nilimwondoa kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu mimi?"

"Kwa karatasi zako." Akafungua faili juu ya meza ya wauguzi. "Wodi ya tatu walinisumbua. Kila zamu wananiandikia Hapana, hawakula, Hapana, hawakupumzika, na kila Hapana ni saa moja ya mshahara juu ya mshahara. Nikaona afadhali niwaachie mtu wao wa kupokezana. Wewe? Miaka tisa, hakuna Hapana hata moja. Teofista akienda likizo, watu wako wanakula. Teofista akiumwa, wanakula. Lile wimbi la homa tulipolaza wagonjwa hadi kwenye kanisa la hospitali, wodi yako nzima ilikula. Nikajiuliza, huyu Teofista anamlisha nani?"

Minda alizitazama fomu. Zilikuwa na mwandiko wake, mviringo na safi, mwandiko aliosifiwa shuleni na masista. Jina, kisha swali: alipata muda wa kula? Tiki kwenye Ndiyo. Alipata mapumziko mafupi? Tiki kwenye Ndiyo. Maelfu ya tiki, na chini ya kila ukurasa sahihi yake. Swali hilo alikuwa amelisoma mara nyingi kuliko sala, na hajawahi hata siku moja kulisoma kama swali la sheria. Alilisoma kama linavyoulizwa kwao, mlangoni. Hospitali ndiyo iliyomwita kutoka ng'ambo, ikamtafutia karatasi, ikampa chumba majira yake ya kwanza ya baridi. Hospitali ilikuwa mwenyeji. Angewezaje kumwinua mwenyeji akafunue chungu?

"Si mwandiko wako?" aliuliza Keledjian.

"Nipe nusu saa," alisema Minda. "Rommel, shika simu."

Akasukuma mlango wa mabawa mawili, akaingia upande uliofungwa.

Humo mlikuwa na mwanga wa ajabu. Ukungu ulikuwa umeegemea madirisha yote, mweupe, na weupe huo ulipita vioo ukatulia juu ya mashuka, hata usingejua kitanda kinaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Vitanda kumi vilikuwa vimetandikwa. Minda mwenyewe huvitandika upya kila mwezi, na ukimuuliza kwa nini hana jibu. Alikaa kwenye kitanda cha saba. Ilikuwa siku yake ya nne mfululizo kazini, na miguu ilikuwa inadunda ndani ya viatu.

Mimi sisemi alisinzia, wala sisemi ni ukungu. Ila aliona kila kitanda kina mwanamke aliyevaa viatu vyeupe, ameketi ubavuni na sahani mapajani. Aliwajua wote. Mmoja alikuwa mama yake mdogo, aliyekuwa nesi kule kwao Dagupan. Mmoja alikuwa Teofista, na safari hii hakucheka. Minda alipita kitanda kwa kitanda na fomu mkononi akiwauliza, mmoja mmoja, umekula? Nao wakamjibu kwa adabu, mmoja mmoja, nimekula. Sahani zao zilikuwa safi. Alipoinama karibu aliona hazikuoshwa. Hazikuwahi kuwekwa kitu. Mbali sana, mahali fulani chini ya weupe ule, kengele ililia mara moja, ikalia ya pili, ikalia ya tatu.

Akasimama haraka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Ilikuwa simu ya mezani tu, ikilia wodini, na Rommel akimwambia mtu asubiri.

Minda aliona haya, na nataka ieleweke ni haya za namna gani. Hazikuwa haya za kushikwa na uongo. Kwa miaka tisa alijihesabu kuwa mwema, mtu asiyemsumbua mtu, na wema huohuo ulikuwa umemla Teofista, ukawala wawili waliokimbilia pwani, ukafunga vitanda hivi, na sasa ulikuwa umemlaza koridoni mwanamke aliyemfundisha kila kitu. Alilia kidogo. Kisha akajifuta kwa pembe ya shuka, akalibadilisha shuka, maana liliingia machozi.

Alitoka akamkuta Keledjian bado yupo.

"Fungua kitanda kimoja. Nesi nimempata."

"Nani?"

"Mimi. Nina leseni, sina mgonjwa hata mmoja. Nitakuwa na mmoja."

"Na hawa sita nani atawapokea wakale?"

"Hakuna."

Keledjian alikunja uso, akitafuta mtego ulipo. "Lakini watakula?"

"Njoo saa kumi uisome fomu."

Perlita alipandishwa saa nne na nusu. Rommel alimsukuma mwenyewe, akimsimulia njia nzima habari za mama mkwe wake, na Perlita akamwambia akimchekesha tena atakufa na kesi itakuwa juu yake. Walipompitisha mlango wa mabawa mawili alitazama vile vitanda tisa vitupu, akatazama na dirisha.

"Tumekufa?" aliuliza.

"Bado," alisema Minda. "Hapa ndipo nilipokuwa nimekufichia nafasi."

"Mimi ni wa nani?"

"Wangu. Nina mmoja."

"Mmoja tu? Mvivu wewe."

Minda alimpa dawa ya kutoa maji, akamwinua mgongo kwa mito mitatu, akakaa kumhesabia pumzi. Alikuwa amesahau kazi hiyo ilivyo, kuwa na mtu mmoja na kumwona mzima mzima: ukucha, kifundo cha mguu kilichovimba, mshipa wa shingo. Mara mbili kabla ya mchana pumzi za Perlita zilianza kuwa fupi na za majimaji, na mara zote mbili Minda alikuwa pale kabla hazijawa kitu kingine, akaongeza oksijeni, akamwita daktari, akamshika bega mpaka zikarefuka. Koridoni nani angezisikia?

Saa sita mchana ilipita. Upande wa pili wa mlango, wauguzi sita walikuwa wanapita kwenye mwanga wa rangi ya maziwa kama samaki ndani ya tangi. Mmoja alikuwa anatafuna mkate huku anaandika. Rommel alisimama kwenye sinki akameza lumpia mbili, zile za kukaanga za mkewe, bila kuzitafuna hata kidogo, kengele ikamwita akaondoka na ya tatu mdomoni. Yote hayo yalikuwa yakitokea kila siku. Minda aliyatazama kupitia kioo cha mlango mithili ya mtu anayeonyeshwa picha za nyumba yake mwenyewe.

Saa tisa unusu akachukua fomu. Aliandika majina sita kwa ule mwandiko wa masista. Alipofika kwenye jina la Rommel kalamu ilisita juu ya karatasi, na mkono wenyewe ulikuwa unavuta upande wa Ndiyo, umeshazoea njia. Ikabidi aushike kwa mkono mwingine.

Rommel alichungulia begani kwake. "Ate, umekosea sanduku."

"Ulikula?"

"Nimekula, Ate."

"Rommel. Sikuulizi kama mama yako. Nakuuliza kama serikali. Ulikula?"

Rommel aliitazama kalamu ya Minda.

"Sijala tangu jana saa ngapi sijui," alisema mwishowe. "Zile lumpia hata sikuzionja. Mke wangu akijua ananifukuza."

Tiki ikaenda kwenye Hapana. Jina kwa jina, mlo Hapana, mapumziko Hapana. Kumi na mbili kwa jumla. Kisha akasaini.

Saa kumi Keledjian alifika. Aliisoma fomu akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa.

"Leo tu?" aliuliza.

"Hapana. Leo ndiyo imeandikwa."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipa hizi fomu, kila siku Teofista asipokuwepo."

"Minda." Alishusha sauti. "Unajua unaniambia nini? Umesaini hizi. Miaka tisa. Mimi nimepanga wodi nzima juu ya sahihi yako."

"Najua."

"Imebaki miezi mingapi ustaafu?"

"Saba. Hata hiyo najua."

Alikuwa ameogopa sentensi hiyo mchana kutwa, na ilipotoka aliona imekuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Keledjian aliitoa kalamu yake mfukoni. Alianza kuhesabu ukingoni mwa faili, kwa tabia tu, kama wengine wanavyochezea pete.

"Watu sita. Saa moja ya mlo, saa moja ya mapumziko. Mbili mara sita." Akasimamisha kalamu. "Saa kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Zamu moja ni saa kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Hiyo ni zamu ya mtu mmoja mzima. Kila siku ningekuwa nalipa mtu mmoja mzima ambaye hayupo." Alitazama ule mlango wa mabawa mawili. "Na vitanda kumi juu yake."

"Huyo mtu ni Teofista," alisema Minda.

Keledjian alikunja uso, kisha sura ikamlegea. Kwa dakika nzima alionekana kama mkulima wa zabibu aliyegundua amekata mzabibu uliokuwa hai.

"Ungeniambia," alisema.

"Uliniuliza kwa karatasi. Nikakujibu kwa adabu."

Hakuelewa, na Minda hakumwelewesha. Keledjian alisimama akaweka faili kwapani, lakini fomu akaiacha mezani.

"Nitairudia saa kumi na moja. Naipeleka kwa bodi ilivyo. Hizo sahihi zako za nyuma, Minda, siwezi kuzifumbia macho, nisikudanganye. Watakuita." Alipiga hatua tatu, akageuka. "Simu ya Teofista unayo?"

"Ninayo. Ukimpigia anza na kuomba radhi. Halafu nipe na mimi, niombe yangu."

Upande uliofungwa, Perlita alikuwa ameamka. Rangi imemrudia usoni, na mfuko wa mkojo umejaa, jambo linalomfurahisha muuguzi kuliko maua. Nje ukungu ulikuwa umeanza kuingia bluu, ile bluu ya jioni ya Januari isiyokuwa na jua la kutua. Rommel alikuwa amepita akaacha chupa ya chai juu ya kabati dogo. Ndani haikuwa chai bali uji wa wali wa mkewe, wenye kuku na tangawizi, na harufu yake ilikuwa imejaza vitanda vyote kumi.

"Umekula?" aliuliza Perlita.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Minda. Lilikuwa pale tangu alipojifunza kusema.

"Hapana, Ate," alisema. "Sijala."

Perlita aligeuza kichwa juu ya mto, taratibu, akamtazama. Miaka thelathini na mmoja alikuwa anamuuliza mtoto huyu swali hilo.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu ulipostaafu."

Perlita alinyoosha mkono wenye sindano ya dripu, akaupapasa mfuko wa sare ya Minda mpaka akagusa chuma. Akakitoa kijiko, akakigeuza kwenye mwanga, akaona unga mweupe wa vidonge umeganda pembeni. Akakifuta kwa shuka, huku na huku, kwa nguvu zake zote ambazo hazikuwa nyingi. Minda alitaka kumsaidia, akajizuia.

"Kaa," Perlita alisema, akampa. "Kula nikuone."

Minda alifungua chupa. Mvuke ukapanda ukajiunga na weupe wa dirishani. Alichota kijiko cha kwanza, akakiinua, na Perlita akainua kidole.

"Ngoja. Nani ananiangalia mimi sasa hivi?"

"Mimi."

"Basi hayo si mapumziko. Uko kazini." Akavuta pumzi, ndefu, safi. "Iandike."

Minda alicheka, na kicheko kikamtoka na machozi humohumo. Akaweka kijiko chini, akaenda mezani akaichukua ile fomu. Chini ya majina sita palikuwa na mstari wa saba ambao kwa miaka tisa hakuwahi kuujaza. Akaandika Abrenica, Luzviminda. Alipata muda wa kula? Akaivuta tiki mpaka kwenye Hapana, na ya mapumziko vilevile. Saa kumi na nne, aliwaza. Maskini Keledjian itabidi ahesabu upya.

Kisha akakaa kando ya kitanda, akala uji mpaka mwisho, huku anahesabu pumzi za mgonjwa wake mmoja.